Bezaleli na mti wa uani

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii nimesoma Kutoka 31 nikakwama kwa Bezaleli mwana wa Uri. Mungu anasema amemjaza roho yake, na kati ya kazi alizompa imo kuchonga miti. Si kuhubiri wala kutabiri. Kuchonga!

Mezani kwangu yuko swala mdogo wa mbao niliyemnunua Changamwe, Mombasa, kwa wachongaji wa Kikamba. Ufundi huo Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, aliupata Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao kwao. Majirani wakaufuata, na vinyago vikasomesha watoto wengi. Lakini vilitoka kwenye mpingo na muhugu, miti inayokua polepole mno. Mpingo ukikatwa leo, ule wa kuziba pengo lake watauvuna wajukuu. Misitu ikapungua. Tumezoea kumwona msanii akililia uharibifu wa wengine. Hapa anayelia ndiye aliyeshika tezo.

Wengi wakageukia mwarobaini, huu huu wa uani ambao majani yake tunayachemsha mtu akishikwa na homa. Unaota upesi, na mwenye shamba anapata chochote akiuuza. Shida ni kwamba usipokaushwa vizuri hupasuka, tena hauna ule weusi wa mpingo ambao wateja tunaulilia. Basi wengine hupaka rangi ya viatu. Swala wangu ana ufa nyuma ya sikio, na ukimpangusa kwa kitambaa kibichi, kitambaa kinatoka cheusi. Nilicheka.

Nikafungua Kutoka 37. Sanduku la agano Bezaleli alilifanya kwa mti wa mshita, mti wa jangwani wenye miiba, uliokuwa karibu na kambi ya Waisraeli. Mierezi ya Lebanoni ilikuja baadaye, siku za Sulemani, aliyepeleka watu 10,000 kila mwezi kwa zamu (1 Wafalme 5). Bezaleli alichukua alichokikuta, na utukufu ukashuka hapo. Kweli, naye alilifunika kwa dhahabu, kwa hiyo kuhusu rangi ya viatu sina neno.

Kwenye ushirika wa Jumatano tuwaombee wachongaji. Kisha tujiombee na sisi wanunuzi, tuliokuwa tukigeuza kinyago juu chini na kuuliza: "Cheusi hamna?"