Deni la elfu mbili na mia saba lilivyonila miezi ishirini

Wacha nianze na aliyeniudhi. Pale stejini Kongowea, hapa Mombasa, kuna jamaa tunamwita Mheshimiwa, kwa kuwa hakuna jambo asilolijua. Nilipomwambia benki imeninyima mkopo wa tuktuk kwa sababu niko CRB, yaani ofisi za kutunza rekodi za wakopaji zimeniandika nimeshindwa kulipa deni, hata kikombe cha chai hakukitua. "Ami, lipa hilo deni leo, kesho asubuhi uko safi." Nikamwamini, ndipo nilipokosea kwa mara ya pili.

Mara ya kwanza ni deni lenyewe, na ni aibu kulitaja: Sh2,700. Mwaka 2021 mke wangu alikaribia kujifungua, nikakopa kwa simu, mkopo wa benki wa siku 30. Wiki hiyo hiyo simu ikaibwa Mwembe Tayari. Nikanunua nyingine, nikasajili laini mpya, nikajiambia wanaonidai na wakamdai mwizi. Kumbe CRB haina habari na laini, inafuata namba ya kitambulisho. Zikipita siku 90 hujalipa, mkopo unahesabiwa umeharibika na jina lako linapelekwa. Sheria inataka uarifiwe kwanza. Nadhani waliniarifu kwenye ile namba ya zamani, na mwizi akaisoma.

Miaka miwili nikaendesha tuktuk ya mtu, Kongowea hadi Bombolulu, hesabu ya mwenye chombo elfu moja kila jioni, iwe mvua, iwe Ramadhani. Juni 2023 nikaona yatosha, nikaenda benki kutafuta chombo changu. Afisa wa mikopo, binti mdogo mpole, akabonyeza kompyuta, akanigeuzia kioo. "Kaka, hapa kuna kitu." Deni lilikuwa limefura, likakaribia elfu nne.

Akanieleza jambo lililoninyima usingizi. Tangu Novemba 2022 Benki Kuu ilikuwa na mpango wa kuwakwamua watu kama mimi: mikopo ya simu ya siku 30 kushuka chini iliyokuwa imeharibika, benki zikubali kusamehe angalau nusu, nawe ulipe iliyobaki polepole. Mpango ulifungwa tarehe 31 Mei. Mimi nimekaa kwenye kile kiti Juni. Niliposimulia nyumbani mke wangu hakusema neno, akaendelea kukuna nazi, ila aliikuna kwa nguvu.

Sasa hapa ningelipa tu, yakaisha. Lakini nilikuwa nimechelewa msamaha, na mtu aliyechelewa hutafuta mlango wa nyuma. Nikakuta tangazo Facebook: "Tunafuta CRB kwa saa 24, hata kama hujalipa." Nikapiga. Mwanamume wa sauti nzito, yuko Nairobi, anajiita Daktari. Akataka picha ya kitambulisho na elfu moja mia tano "ya kufungua faili." Nikatuma. Jioni akapiga, faili imefunguka lakini mtambo unagoma, mia nane. Nikatuma. Asubuhi kuna mkubwa wa ndani lazima anywe chai. Nikamuuliza mkubwa huyo anakunywa chai ya bei gani. Elfu moja na ushei. Nikatuma! Mimi huyu huyu, ninayebishana na abiria juu ya shilingi kumi ya Bombolulu.

Na cheti cha kuonyesha niko safi CRB akaleta, usiseme hakuleta. Kilikuja kwa WhatsApp, kina nembo, kina mhuri wa duara wa rangi ya zambarau, kina jina langu limekosewa herufi moja tu. Nikakichapisha kwa rangi pale saiba, nikapiga pasi shati la Idi, nikarudi kwa yule binti. Akakisoma. Akakisoma tena. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kaka, Juni ina siku ngapi?"

Nikahesabu kwa vifundo vya ngumi kama tulivyofundishwa shule. Thelathini. Cheti changu kilitolewa tarehe 31 Juni 2023.

Kwa bahati alikuwa na huruma, maana kupeleka hati bandia benki si mchezo wa kucheka. Alikirarua mbele yangu, akanipa kiti, akaniambia niache kutafuta daktari. Kenya kuna ofisi tatu tu zenye leseni ya Benki Kuu ya kutunza rekodi hizi: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hakuna mtu wa kando anayeweza kufuta humo. Ripoti yako unayo haki kuipata bure mara moja kwa mwaka. Ichukue kabla hujalipa chochote, usome nani anakudai, kiasi gani, akaunti namba ngapi. Mimi yangu ilikuwa na jina la mkopo nisilolitambua, nikadhani nimesingiziwa, kumbe ndilo jina la kibenki la ule mkopo wa simu.

Alama zangu za Metropol, zile za kupima wewe ni mlipaji wa namna gani, zilikuwa 338. Wao wanapima kutoka 200 hadi 900, na ukiwa 400 kushuka chini unahesabiwa mtu aliyeshindwa kulipa. Usishangae ukiona ofisi nyingine inakupa tarakimu tofauti, kila moja ina kipimo chake.

Kulipa sasa. Elfu nne haikuwepo, Daktari alikwisha kunywa chai nayo. Hapa najisifu kidogo, mtaniwia radhi. Nilijiuliza: kwa nini hesabu ya mwenye tuktuk haijawahi kunishinda hata siku moja, na deni langu mwenyewe likanishinda? Kwa sababu hesabu ina mwenyewe na ina saa. Basi nikalifanya lile deni bosi. Nikamkabidhi mke wangu mkebe wa maziwa ya unga, nikamwambia kila jioni wewe ndiye mwenye gari, unanidai mia mbili. Siku ya kwanza nikaleta mia na hamsini nikitegemea mzaha. Hakunifungulia mlango mpaka nikapata hamsini kwa jirani. Agosti 2023 nikalipa lote, nikahifadhi ujumbe wa M-Pesa, nikaupiga na picha.

Kesho asubuhi ya Mheshimiwa ikafika. Nikaangalia: bado niko ndani. Wiki mbili, bado. Mwezi, bado. Kupiga huduma kwa wateja ni kusikiliza muziki tu mpaka salio linaisha. Kilichofanya kazi ni karatasi. Nilikwenda tawini nikaomba barua ya kuthibitisha deni limekwisha, nikaipeleka pamoja na risiti kwa ile ofisi ya rekodi, kwa baruapepe, nikaandika napinga taarifa iliyoko kwenye ripoti yangu. Ukipinga kwa maandishi inawalazimu kuiuliza benki, na benki inawajibika kujibu kwa muda maalumu. Ukipiga simu kulalamika hakuna wa kumuuliza mwenzake chochote. Katikati ya Oktoba ikabadilika. Cheti cha kweli nikakilipia elfu mbili na mia mbili, na tarehe yake niliisoma mara tatu.

Nikakimbia benki. Yule binti akanipongeza, akaniambia mkopo bado.

Hili ndilo Mheshimiwa na wenzake wote wasilolijua. Cheti kinasema hudaiwi. Hakisemi wewe ni mlipaji. Alama zangu zilikuwa zimepanda mpaka 391 tu, na ule mstari wa kushindwa kulipa unakaa kwenye ripoti miaka mitano tangu siku uliyomaliza deni. Wangu utatoka Agosti 2028. Mtoto aliyezaliwa kwa pesa hizo atakuwa na miaka saba.

Nikafanya upuuzi mmoja wa mwisho. Dereva mwenzangu alinishauri nikope kila mahali nilipe haraka ili alama zipande. Siku tatu nikaomba kwenye programu nne za mikopo, zote zikanikataa, na kila ombi likaacha doa la mtu mwenye njaa kwenye ripoti. Nikashuka pointi kadhaa bila kukopa senti.

Baada ya hapo nikatulia. Fuliza, ule mkopo wa kujazia salio la M-Pesa lisipotosha, nikajitoa kabisa, maana nilikuwa nainunulia mpaka mandazi. Nikaweka akiba M-Shwari, akaunti ya simu ya akiba na mikopo, kidogo kidogo, kikomo changu cha kukopa kikiwa sifuri kwa miezi. Siku waliponifungulia elfu moja nikaikopa bila shida yoyote, nikaiweka kando, nikairudisha siku ya kumi. Nikakopa tena. Ada ilinikera, lakini niliihesabu kama karo. Hustler Fund, mikopo ya serikali, nayo nilikuwa nayo, ilianza kunipa 500 ikapanda, lakini hiyo ilikuwa na daftari lake. Sikuitegemea inipandishe kwingine.

Mkebe haukusimama. Mwenye gari alisema deni limekwisha lakini hesabu iko pale pale, mia mbili. Nikawa nazipeleka Sacco yetu ya madereva, ambayo hukopesha mara tatu ya akiba ukiwa na wadhamini. Sacco nayo husoma CRB, kwa hiyo usidhani ni njia ya kichochoro. Tofauti ni kwamba pale kuna watu wanaokuona kila siku. Mdhamini wangu mmoja alisema mbele ya kamati, "Mimi alama zake sizijui, lakini huyu hajawahi kulala na hesabu ya mtu."

Januari 2024 nilikuwa 420. Ikakwama hapo mpaka Mei, nikakata tamaa ya kuangalia. Septemba 540. Novemba 2024, miezi kumi na mitano tangu nilipe, 587. Februari 2025 Sacco wakatoa pesa, nikapata tuktuk ya mkono wa pili, laki mbili na kitu, injini nzuri, turubai imechanika upande wa dereva. Mheshimiwa alikuja kuikagua, akaipiga teke gurudumu, akaniambia ningemsikiliza ningeipata mapema.

Nyuma wenzangu huandika majina ya watoto au ya timu za mpira. Mimi nilimwambia fundi wa rangi aandike 2700, kubwa, nyekundu. Abiria huuliza kama ni namba ya ruti. Nawaambia ndiyo.