Tulivyowatofautisha mbayuwayu wageni na wenyeji kando ya Ziwa Kivu

Kila Oktoba, baridi inapoingia Ulaya na wadudu kuadimika huko, mbayuwayu huvuka jangwa la Sahara na kufika kwetu Bukavu wakati mvua imeshika. Mwaka 2019 niliwaongoza watu 14, wengi wao wanafunzi, kwenda kuwatazama upande wa Nguba, mtaa wa Bukavu ulio kando ya ziwa.

Nilianza na suala la darubini. Katika mji ulio mpakani, mtu anayeelekeza darubini ziwani huulizwa maswali, kwa hiyo siku tatu kabla nilimwendea shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, nikamweleza, naye akamtuma kijana wake atembee nasi.

Ugumu ulikuwa kwenye waya wa umeme. Mbayuwayu wa Ulaya na mbayuwayu wa Angola, ambaye ni mwenyeji wa huku, walikaa pamoja, wote wakiwa na mgongo wa buluu iliyokoza na koo jekundu. Nilikuwa nimewafundisha wenzangu watazame mkia, kwa kuwa yule wa Ulaya ana nyuzi mbili ndefu. Lakini wachanga waliozaliwa mwaka uleule bado wana mikia mifupi, na koo lao limepauka, kwa hiyo baada ya nusu saa kila mtu alikuwa na hesabu yake. Nikaomba tuuache mkia, tutazame kifua na tumbo. Mgeni ana mkanda mweusi mpana unaotenga koo na tumbo jeupe; kwa mwenyeji wekundu hushuka hadi kifuani, mkanda ni mwembamba tena umekatika, na tumbo ni la kijivu. Walioruka hatukuwahesabu kabisa, maana huzunguka na mmoja huhesabiwa mara tatu. Kwa darubini mbili tulizopokezana, tulikubaliana sote: wageni 29, wenyeji 12. Nilifurahi mno, hata kitwitwi aliyekuwa akitikisa mkia maweni, naye pia mgeni wa kaskazini, nusura nimsahau.

Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akianika nyavu zake za sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, alitusikiliza muda mrefu, kisha akasema: "Mwalimu, hao wageni mnawahesabu asubuhi bure. Jioni wote wanalala kwenye matete yale."

Jumamosi iliyofuata tulifika saa kumi na moja jioni. Giza lilipokaribia, wakashuka makundi kwa makundi juu ya matete, tukaweka darubini chini, tukatazama kwa macho tu.