Maua marefu ya kivulini: chomeka fito mapema

Jamani Aprili hii, bustani bado udongo mtupu na vichipukizi viwili vitatu, mimi nishachomeka fito zangu za kuegemeza maua kila mahali, jirani Mwingereza anachungulia juu ya uzio anacheka ile ya adabu yao. Acha acheke. Ukingoja hadi ua lilale ndo ukimbilie kamba, utaishia kulifunga kama mzigo wa kuni na halitakaa vizuri tena.

Kwa wale mlioko huku Uingereza na bustani za nyuma zinazotazama kaskazini mnanielewa, jua mnaliona kwa jirani tu. Anemone za Kijapani, akonaiti, kampanula zile ndefu, yote haya yanavumilia kivuli, ila chini ya mti yanajivuta kufuata mwanga, ile homoni ya ukuaji iitwayo oksini inajikusanya upande wenye giza, seli za upande huo zinarefuka zaidi, basi shina linapinda kuelekea kwenye uwazi na linakuwa jembamba, ikija mvua ya upepo chali! Kwa hiyo fito nyingi naziweka upande ule yanakoelekea, sio kuzunguka duara sawasawa.

Natumia matawi yenye vijitawi vingi niliyopogoa wakati wa baridi, nayachomeka katikati ya shina na shina, mmea unapanda humohumo na ikifika Julai majani yamefunika huoni kitu. Zile pete za chuma za dukani ni nzuri sikatai, ila bei!! Kwa shina moja moja kama akonaiti nachukua mwanzi na kamba ya katani, nazungusha namba 8 ili kamba ipite kati ya shina na mwanzi, shina lipate nafasi ya kucheza kidogo, ukikaza sana linavunjikia hapohapo kwenye fundo.

Na mbolea ya kuku punguzeni, naitrojeni nyingi kivulini ni kutafuta mabua laini. Kampanula unaweza kuikata theluthi moja mwishoni mwa Mei, inachelewa kuchanua lakini inakuwa fupi imeshiba, mimi nakata nusu ya mashina tu ili maua yapishane.

Halafu akonaiti ina sumu, kuanzia mzizi mpaka ua, vaa glavu ukiifunga. Wenye watoto wanaotia kila kitu mdomoni msiipande kabisa, kampanula zinawatosha, maana hata anemone zina sumu kiasi.