Jumapili tuliyoizima seva

Tarehe 7 Juni 2016, Ramadhani ndiyo kwanza inaanza, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, na Kenya nzima ikakosa stima kwa zaidi ya saa tatu. Wengi wanaikumbuka siku hiyo kwa ajili ya tumbili. Mimi naikumbuka kwa mlio. Stima iliporudi, seva yetu, ile kompyuta iliyotunza data za ofisi nzima, ilijaribu kuwaka, diski ikawa inagonga ndani kwa ndani, tk, tk, tk, kisha ikanyamaza.

Ofisi yetu ilikuwa ya uwakala wa forodha, ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Moi Avenue, Mombasa. Kila kontena tulilomtolea mteja bandarini Kilindini lilikuwa na faili lake ndani ya mashine ile: hati ya shehena, ankara, risiti za ushuru, namba ya lori. Bekapu, yaani nakala ya data, ya usiku uliotangulia tulikuwa nayo, kwenye diski ya nje. Tulichokosa ni pa kuirudishia. Tukangoja mashine nyingine siku nne, na kontena likipitisha muda wake wa bure bandarini hulipiwa kila siku inayoongezeka, nalo lori likisimama Changamwe, dereva hulala humo humo. Siku ya tatu alikuja mama mmoja wa mitumba wa Kongowea, akaketi kwenye benchi letu na saumu yake. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mzigo wangu u wapi?" Nilijua ulipo, lakini sikuwa na hata karatasi moja ya kumpa mkononi. Swali lile sijalisahau mpaka leo.

Tajiri wetu alikubali kununua seva mbili, moja ya kazi na moja ya akiba. Mabishano yakawa ni wapi ikae hiyo ya akiba. Wenzangu walitaka Changamwe, kwenye ghala letu, kwa kuwa ni karibu na ni bure. Mimi nilishikilia Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 480, kwenye jengo la kupangisha seva lenye jenereta zake. Changamwe na kisiwani hunyeshewa na mvua moja, na siku ile ya tumbili zilizima pamoja. Nairobi nayo ilizima, kweli, lakini jengo lile lilikuwa na jenereta za kuliwasha.

Sikuipeleka huko moja kwa moja. Databesi, yaani mkusanyiko wa rekodi zetu, ilikuwa na gigabaiti 60 hivi, na laini yetu ya intaneti ya wakati ule ingezivuta kwa siku kadhaa. Nikaziweka mashine mbili mezani ubavu kwa ubavu, nikaziunga kwa kebo fupi, nakala ikavuka chini ya saa moja. Databesi yetu ilikuwa PostgreSQL, na programu ya ofisi iliendeshwa juu ya Tomcat, inayoleta kurasa zake kwenye kivinjari. Kwa PostgreSQL kazi ni nyepesi: ile ya pili huipokea kila badiliko kutoka kwa ya kwanza bila kukatika, sekunde chache tu nyuma yake, na muda wote huo inasomeka lakini haiandikiki, mpaka uipandishe cheo iwe ndiyo kubwa. Upande wa programu hakuna wa kukusaidia. Unanakili mwenyewe kitu kimoja kimoja: toleo lile lile la Tomcat, toleo lile lile la Java, vyeti vya usalama, saa, faili za mipangilio. Tena kulikuwa na picha za hati zilizoskaniwa. Hizo hazikukaa ndani ya databesi, zilikuwa kwenye folda pembeni, na nusura niziache. Nikaziwekea rsync, programu ya kunakili faili, iwe inazipeleka kila dakika 10.

Kisha nikaifunga seva kwa blanketi mbili, nikapanda nayo basi la usiku pale Mwembe Tayari, ikawa miguuni pangu mpaka Nairobi.

Julai nzima niliijaribu nikiwa Mombasa. Nafungua anwani ya programu ya Nairobi, ukurasa unakuja. Natafuta ankara, naiona. Naandika ankara mpya, inahifadhiwa. Hapo hapo ndipo nilipostahili kushtuka, kwa sababu databesi ya akiba haiandikiki. Sikushtuka. Nilifurahi, nikatangaza kuwa tuko tayari.

Mhasibu wetu alikuwa mama wa Kibokoni, mkubwa kuliko sisi sote. Tangu Juni alikuwa akiandika kila ankara kwa kalamu kwenye daftari kubwa, hata baada ya seva mpya kuja. Akaniita mezani kwake.

"Ile ya Nairobi yafanya kazi, na hii ikiwa inawaka. Hii ikizimwa je?"

"Itafanya kazi, mama."

"Basi hebu izime."

Nikaanza kumweleza kwamba si lazima, kwamba kuna hatari ya kuvuruga kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Tumbili hakutuomba ruhusa," akasema.

Tukachagua Jumapili moja ya Agosti. Alikuja na daftari lake. Nikaizima seva ya Mombasa, feni zikapungua mlio mpaka zikafa, nikausikia upepo wa kusi ukitikisa vioo vya dirisha. Nikafungua Nairobi. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, kisha ukaja mweupe wenye maneno ya hitilafu.

Mikono ilinitetemeka. Mama alivuta kiti akaketi kando yangu, asiseme neno. Nikaingia kwenye kumbukumbu za Tomcat, faili inamoandika hitilafu zake, na kila mstari ulilia jambo moja: haifiki 192.168.1.10. Hiyo ilikuwa anwani ya databesi ya Mombasa, niliyoiandika siku ile mashine ziko mezani pamoja. Ya Nairobi ilikuwa 192.168.20.10. Mwezi mzima programu ya Nairobi ilikuwa ikirudi Mombasa kuomba data, na mimi nikidhani ninaipima Nairobi.

Nikaipandisha cheo databesi ya Nairobi, nikaiona faili ya recovery.conf, iliyoiambia kuwa ni ya akiba, ikigeuka kuwa recovery.done. Nikasahihisha anwani, nikawasha Tomcat upya. Tangu kuzima mpaka ukurasa kufunguka zilipita dakika 47. Kwenye mpango wangu nilikuwa nimeandika 15.

Mama aliandika ankara mwenyewe. Akafungua faili la yule mteja wa Kongowea, picha ya hati ya shehena ikatokea, akaichapisha. Printa ikanguruma huku seva iko kimya kabatini. Akaweka karatasi juu ya daftari, akalinganisha tarakimu moja moja kwa ncha ya kalamu.

Bado ile ya Mombasa. Yenyewe ilijiona ndiyo kubwa vile vile, na mtu akija kuiwasha Jumatatu asubuhi, nusu ya ofisi ingeandika huku na nusu kule. Nikachukua karatasi, nikaandika USIWASHE kwa kalamu nene, nikaibandika juu ya swichi. Mama akaisoma, akaniomba ile tepu, akaongeza ukanda wa pili.