Nilivyopata mafundi cherehani kupitia simu

Novemba mwaka jana nilipokea oda ya sare za shule ambayo mimi na mwenzangu, pale Igoma, Mwanza, tusingeimaliza kabla ya shule kufunguliwa Januari. Nilihitaji mafundi watatu haraka. Nikaandika kwenye kundi moja la ajira la Facebook: "Wanahitajika mafundi cherehani wenye uzoefu. Njoo inboksi." Basi.

Kufika jioni simu haishikiki. "Mambo." "Nafasi bado ipo?" Wengine wanaulizia udereva. Ujumbe mmoja ulinichoma: "Dada, hela ya fomu ni shilingi ngapi, na natuma namba gani?" Nikampigia yule binti. Ameshalipia fomu mara mbili kwa watu asiowajua, na kazi hakuiona. Nikasoma tena tangazo langu. Halina mahali, halina malipo, halina sauti ya mtu. Tapeli angeandika vilevile.

Nikalifuta. Asubuhi nikarekodi video ya dakika moja: kibao cha duka, vyerehani, ovaloki, halafu mikono yangu ikigeuza kola ya shati la shule na kusukuma kona kwa ncha ya mkasi mpaka ichongoke. Nikasema tulipo, shilingi 1,500 kwa kila shati, malipo kila Jumamosi, pesa ya fomu hakuna, cheti siulizi. Anayetaka kazi anitumie video ya mikono yake ikishona kola mwanzo hadi mwisho. Mwishoni nikaongeza: kama si fundi, mwoneshe fundi unayemfahamu. Nikaiweka Facebook, Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp, na kwa kuwa stetasi hudumu saa 24 tu, niliirudisha kila asubuhi.

Waliokuwa wakibahatisha walinyamaza. Zilikuja video 11, na kila moja niliitazama zaidi ya mara mbili, maana kola haifichi kitu: kona moja ikizidi nyingine utaiona hata kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Nilikuwa natafuta anayepunguza kitambaa kwenye kona kabla ya kugeuza, ili kisijikunje ndani. Wanne tu ndio walifanya hivyo.

Video iliyonivutia kuliko zote ilitumwa na msichana, lakini mikono ilikuwa ya mzee. Ni mjomba wake, anaishi Magu na anatumia kitochi. Tangazo asingeliona maisha. Alifika na mkasi wake umefungwa kwenye kipande cha kitenge.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Cherehani changu ni kipi?"

Wanane ambao sikuwachukua niliwajibu mmoja mmoja, kila mtu nikamweleza kasoro ya kola yake. Wawili wametuma video mpya tangu hapo, na majina yao ninayo kwa msimu ujao.

Yule binti wa fomu kola hajui. Nilimchukua kupiga pasi na kukata nyuzi, na sasa mzee anamfundisha kushona kila wanapomaliza kazi mapema.