Nina miaka 63, kilichonitoa kitandani ni faini ya buku

Naomba niseme ukweli mapema, hamu ya mazoezi mimi sina. Sikuwa nayo nikiwa na 30, sa hivi ndo kabisa, na wale wanaosema ukianza tu mwili utazoea utapenda mwenyewe, mimi huo upendo bado nausubiri. Ila mwaka umeisha nafanya, kwahiyo wacha nieleze ilivyokuwa.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Kinondoni, Dar, miaka zaidi ya 30 nakaa kwenye stuli toka asubuhi mpaka taa za barabarani zinawaka. Wanaokumbuka 2016 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alivyohamasisha Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, mimi nilitoka mara moja, nikapiga picha, nikarudi kulala. Magoti yakaanza taratibu. Kwanza kupanda daladala, afu ngazi, afu siku moja niko kwenye swala, nimeenda sijda rakaa ya pili, kunyanyuka nimeshindwa. Nikabaki pale chini nimeshika mguu wa kitanda, mjukuu wangu wa miaka 6 ananiangalia anadhani naomba dua ndefu. Kuanzia hapo nikawa naswali kwenye kiti, na hicho kiti kiliniuma kuliko magoti yenyewe.

Kliniki ninakoenda kwa ajili ya presha daktari akaniambia, mama hebu simama kwenye hicho kiti bila kushika popote. Sikuweza. Akasema goti sio shida kubwa, misuli ya mapaja ndo imeisha, umri ukienda inapungua na ukikaa kutwa inakimbia kabisa. Nitembee dakika 150 kwa wiki mwendo wa kunibadilisha pumzi, na siku 2 nibebe uzito, maana kutembea peke yake hakutoshi kurudisha misuli.

Basi nikaenda jimu ya maana, ina kiyoyozi na vioo ukuta mzima. Nikalipa miezi 3 kwa mkupuo, laki na nusu, nikijua hela ikitoka itaniuma nitaenda. Wapi! Nilienda mara 9. Muziki unapiga mpaka meno yanacheza, kocha kijana mzuri tu wa watu ila macho kwenye simu, siku moja kaniachia uzito wa yule aliyetoka kwenye mashine, bega likalia kwaa! Wiki 2 siwezi kushika mkasi. Nikaacha kwenda na hakuna hata mmoja aliyepiga simu kuuliza yule bibi yuko wapi.

Sasa nikawa najiuliza, mbona kwenye kikoba sijawahi kuchelewesha hisa, mwaka wa 11 huu? Sio kwamba napenda sana kuweka akiba, naogopa kusomwa jina mbele ya wenzangu. Nikawaita majirani zangu watatu, wote tumeshakuwa bibi, nikawaambia jamani tufanye mazoezi kwa sheria za kikoba. Jumatatu, Jumatano, Jumamosi, saa 12 asubuhi kukishapambazuka. Usipotokea, buku. Unaruhusiwa msiba na kuumwa basi. Mvua tulibishana wiki nzima, tukakubaliana mvua ikikukuta ndani huna kosa, ila masika yale kuna mtu alikuwa inamkuta ndani hata ikinyesha kule Mbagala, kwahiyo tukaifuta. Mvua ikinyesha tunakusanyika kwenye baraza langu, tunakaa kwenye kiti tunasimama, tunakaa tunasimama, mara 10, tunapumzika, tunarudia. Ramadhani tukahamishia jioni kabla ya futari, mwendo wa pole.

Njia yetu tunashuka daraja la Salenda, tunakata hospitali ya Aga Khan, tunapanda daraja la Tanzanite. Lile daraja tangu lifunguliwe 2022 ni kama limejengwa kwa ajili yetu, lina kilomita moja na kidogo, upepo wa bahari unakupiga, huna mahali pa kukaa kwahiyo ukishaingia lazima ulimalize. Tukitokea upande wa ufukwe wa Coco dakika 50 zimeshafika, mara 3 kwa wiki ndo hizo 150 za daktari, kurudi tunarudi na bajaji sioni aibu. Jumamosi vijana wa jogging wanatupita na tisheti zao wanaimba, wakituona wanapiga makofi, twendeni mama zetu twendeni! Afu unawakuta mbele kwenye supu na chapati nne nne, sijui wanapunguza nini.

Uzito nabeba Jumanne na Alhamisi kwenye jimu ya uani mtaani kwetu, ile ya vyuma vya zege, makopo ya rangi yamemwagiwa saruji na bomba katikati. Siku ya kwanza mabaunsa wote walisimama, shikamoo mama, wakadhani nimekuja kumtafuta mtu. Kijana mmoja akajaza mchanga kwenye chupa mbili za maji za lita moja na nusu, akaziandika MAMA kwa maka pen. Mpaka leo ziko pale kwenye kona, hakuna anayezigusa, na nisipofika ananipitia dukani, mama chupa zako zinakuulizia.

Mwezi wa tano nilianza kujaribu kuswali chini, nikiweka kiti pembeni cha kushikilia. Mwezi wa saba siku moja nimeshanyanyuka ndo nakumbuka sijakishika. Ngazi bado nashuka upande upande, hilo halijaisha, na asubuhi za baridi goti la kushoto linalia kama mlango.

Juzi tumefungua kisanduku cha faini, kulikuwa na elfu 84. Daftari linasema elfu 31 ni zangu. Wenzangu wanataka tumnunulie raba yule anayetembea na makubazi, mimi nataka pilau, na kwa mchango nilioutoa nadhani nina haki ya kusikilizwa.