Gunia si akiba

Mimi si mtu wa magunia. Wifi yangu ndiye mtu wa magunia, na tumebishana juu ya hili mpaka watoto wanajua hoja za kila mmoja wetu kwa moyo. Yeye anasema bei ya jumla ni bei ya jumla. Mimi nasema bei ya chakula huijui siku unapokinunua, unaijua siku kinapoisha. Chukua pesa uliyotoa, igawanye kwa sahani zilizofika mezani, siyo kwa kilo zilizoingia stoo. Kilo mbili zikiliwa na wadudu, moja ikaota kuvu, nyingine ikatupwa kwa sababu ya harufu, lile punguzo la jumla limeshakwenda na maji.

Kabati langu lina rafu tatu na kilichomo hakibadiliki sana: mchele, unga wa ngano, maharage, dengu, njegere kavu, mafuta, chumvi, sukari, nyanya za kopo, vichupa vya viungo, na kapu la vitunguu chini kabisa. Kila kimoja kimepata nafasi kwa sababu mbili: tunakila, na kinaweza kusubiri. Tunachokipenda lakini hakisubiri, nakinunua siku ya kukipika. Kinachosubiri miaka lakini nyumbani hakuna anayekitaka, hakiingii, hata kikiuzwa nusu bei.

Na katika kusubiri, vyakula vikavu havilingani. Mchele mweupe uliokauka vizuri, ukifungwa pasipopita unyevu wala mdudu, unakaa miaka. Mchele wa kahawia, ambao bado una pumba zake, haukai hivyo. Pumba zina mafuta, na mafuta huchacha. Kwa joto la kawaida la nyumba uhesabie miezi 6 hivi. Ukizidisha, pua itakuambia kabla ya ulimi. Unga wa ngano usiokobolewa una tatizo hilohilo, kwa sababu umesagwa pamoja na kiini cha punje, na kiini ndicho chenye mafuta. Kwa maneno mengine, hivi viwili vinavyosifiwa kwa afya ndivyo vya kununua kidogo kidogo. Wifi yangu alipohamia unga usiokobolewa aliununua kwa mfuko uleule mkubwa. Sikusema kitu. Mambo mengine mtu unaacha pua imshauri.

Halafu kuna fukusi. Watu humzungumzia kana kwamba anaruka kutoka hewani na kuingia kwenye ndoo, kumbe mara nyingi tunambeba wenyewe. Fukusi jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, huziba tundu, na mtoto hukulia mlemle akiila nyumba yake mpaka atoke akiwa mkubwa. Kwa hiyo nafaka inaweza kuonekana safi kabisa siku unapoinunua na wapangaji wako ndani. Nikifika na nafaka au unga, naufunga kwenye mfuko mzito na kuuweka kwenye friza kwa siku 4, nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi hiyo inaua wadudu na mayai yao. Nikiutoa siufungui papo hapo. Nauacha ufikie joto la chumba ukiwa umefungwa, ili majimaji yatue nje ya mfuko badala ya kutua kwenye unga, ndipo naumimina kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Asiye na friza atumie ndoo hiyohiyo, anunue kiasi kinachoisha mapema, na aangalie kila wiki. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini hata fukusi anakula haba na haba.

Unyevu namwogopa kuliko fukusi, maana fukusi unaweza kumpepeta. Kuna kipimo cha chumvi ambacho hakihitaji kifaa chochote. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia nafaka mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kama dakika moja, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka hiyo ina unyevu uliozidi asilimia 15 na si ya kuweka, ianikwe tena. Chumvi ikishuka chini yote bila kushika, funga ndoo yako kwa amani. Ukifunga nafaka mbichi utakaribisha kuvu, na kuvu wengine hutoa sumukuvu, sumu inayodhuru ini, ambayo haiondoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Karanga au nafaka iliyoota ukungu hapa kwangu inatupwa, na siongezi neno. Ubahili una mahali pake, lakini siyo kwenye ini la mtu.

Sasa maharage, maana ndiyo yanayolisha nyumba hii.

Jioni moja katika wiki namwaga maharage kwenye sinia na kuyachambua chini ya taa. Kijiwe, punje iliyotobolewa, punje iliyosinyaa kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, vyote pembeni. Nayaosha, nayaloweka kwenye maji mengi usiku kucha, na kwenye maji hayo natia chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita. Hapo ndipo huwa napigiwa kelele. Imani kwamba chumvi hufanya maharage yawe magumu imeota mizizi jikoni, na ni kinyume cha mambo. Ganda la harage limeshikiliwa kwa sehemu na kalsiamu na magnesiamu; sodiamu ya chumvi inachukua nafasi zake, ganda linalegea, na maharage yanaiva laini bila kupasuka ovyo. Kinachoyafanya yagome ni tindikali: ndimu, siki, nyanya. Hivyo vinaingia yakishaiva, si kabla.

Kingine kinachoyafanya yagome ni uzee. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye stoo yenye joto na unyevu hubadilika ndani kwa ndani, yakafika hatua ambayo unayachemsha tangu asubuhi na mchana bado yanagonga meno. Utayalainisha kwa kutia bikabonati ya soda, ncha ya kijiko tu, kwa kuwa ikizidi yanakuwa na ladha ya sabuni na kugeuka uji, na hata hiyo kidogo inaharibu vitamini B1. Lakini hesabu gesi, mkaa au umeme ulioungua hapo. Hiyo nayo ni bei ya gunia, ila haiandikwi kwenye risiti.

Asubuhi namwaga maji ya kulowekea, naweka mapya, na kuyachemsha yatokote kwa nguvu. Kwa maharage mekundu makubwa hili halina mjadala. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini, na punje nne au tano tu zinaweza kumtapisha mtu mzima. Yanatakiwa kulowekwa walau saa 5, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nyuzi 100 kwa dakika 10 kamili. Mimi huwa nakwenda mpaka 30. Kuyapika taratibu kwa moto usiofikia kuchemka ni hatari zaidi ya watu wanavyodhani, kwa kuwa joto la chini ya nyuzi 80 haliiui ile sumu. Mwenye sufuria ya umeme ya kupikia taratibu achemshe kwanza jikoni ndipo ahamishie humo.

Baada ya hapo moto mkubwa hauna kazi tena. Maji yakishachemka, hata uwashe tanuru, hayazidi joto lake la kuchemka. Unachoongeza ni mvuke tu. Nafunika, napunguza moto mpaka pawe na vipovu vichache, au, siku za kubana matumizi kweli, natia mfuniko mzito, naitoa sufuria na kuizungushia mablanketi mazito ndani ya boksi. Saa tatu nne baadaye mfuniko bado unaunguza mkono. Nairudisha motoni, yachemke tena mpaka punje ikibanwa kwa ulimi na kaakaa isagike. Kikombe kimoja cha maharage makavu hutoa karibu vikombe vitatu vilivyoiva. Vikombe vitatu vikavu, basi, ni sufuria inayotutosha siku kadhaa, na ile isiyo ya leo naigawa kwenye vibakuli vya friza pamoja na mchuzi wake. Ule mchuzi mzito usimwagwe jamani. Ndio unaobeba ladha.

Siku ya kwanza nayaunga. Kitunguu kimoja kikubwa, kimekatwa vyembamba, kwenye mafuta kidogo na moto wa wastani, na hapa sikimbilii. Kwanza kinalainika, kinatoa maji, kinanyamaza. Halafu kinaanza tena kutoa sauti, kingo zinapata rangi ya dhahabu kisha kahawia. Wengi huishia kwenye kulainika, ndiyo maana chakula chao kinakuwa na ladha ya maji ya moto. Kikishafika kahawia naweka kitunguu saumu, sekunde chache, halafu kijiko kikubwa cha nyanya nzito ya kopo, nikiisugua chini ya sufuria mpaka iache wekundu wa kung'aa na mafuta yajitenge pembeni. Hapo maharage yanaingia na mchuzi wake, nasaga kama robo yake kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi ushike, chumvi, basi. Viungo vikiwepo, sawa. Visipokuwepo, kitunguu kimeshafanya kazi.

Siku ya pili kilichobaki kinakuwa supu: maji, viazi vilivyokatwa vidogo, mboga yoyote ya majani inayotaka kunyauka, ndimu mwishoni. Ndimu si urembo. Vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, ilhali chai ikinywewa na mlo inayazuia. Siku ya tatu ninaponda yaliyobaki na mkate mkavu na yai, nafinyanga vidonge, nakaanga. Watoto wanaamini hicho ni chakula kingine kabisa, na sina mpango wa kuwafungua macho.

Mara nyingi vinaenda na wali. Protini hujengwa kwa asidi amino. Nafaka ina upungufu wa moja yake, laisini, ambayo maharage yanayo kwa wingi; maharage yana upungufu wa nyingine, methionini, ambayo nafaka inayo. Vinazibiana mapengo, na wala si lazima viwe kwenye sahani moja; kuvila ndani ya siku moja kunatosha.

Ila kiporo cha wali kinahitaji adabu. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa juu ya jiko usiku kucha wanaamka, wanazaana na kuacha sumu. Kupasha moto asubuhi hakuiondoi sumu hiyo, hata wali utoe moshi vipi. Kwa hiyo sisubiri upoe wenyewe ndani ya sufuria. Nautandaza kwenye sinia, ndani ya saa moja uko kwenye friji, na kesho yake unaliwa au hauliwi tena. Mtu wa kubana matumizi huona uchungu kumwaga wali. Dawa ni kupima mchele kwa kikombe kabla ya kuosha.

Siku zisizo na maharage ni za dengu. Hazihitaji kulowekwa, dakika 25 zimeiva, na mtu aliyechelewa kurudi hana kisingizio.

Mengine kwa haraka. Mkate usiuweke kwenye friji, unakauka upesi kuliko ukiwa mezani. Kata vipande uweke friza. Viazi vikae gizani, mbali na vitunguu, na kilichogeuka kijani kisipikwe. Kopo lililovimba halionjwi "kidogo tu", linatupwa likiwa limefungwa. Tarehe ya "bora kabla ya" inazungumzia ubora, na kwa mchele au chumvi haipaswi kumtisha mtu. Ile ya "mwisho wa kutumia" kwenye nyama na maziwa inazungumzia usalama, na hiyo siibishii.

Kila ndoo na kopo vina kipande cha karatasi ya gundi chenye mwezi vilipoingia. Kipya kinakwenda nyuma, cha zamani kinasogea mbele, na kilichokaa muda mrefu kuliko vyote ndicho kinachoamua tutakula nini. Sina ratiba nyingine ya mapishi. Leo usiku zamu imewaangukia njegere kavu zilizopasuliwa: vikombe viwili, maji vikombe vinane, kitunguu na karoti moja iliyoanza kulegea, jani kavu la bay la kunukiza. Povu la mwanzo naliengua, kisha moto mdogo kwa karibu saa moja, nikikoroga mara kwa mara kwa sababu zikianza kushika chini haziombi ruhusa kuungua. Chumvi mwishoni, pilipili manga, na juu yake vipande vya mkate wa juzi vilivyokaangwa kwenye mafuta ya kitunguu saumu.